Mtaro mbovu ni deni la nani?

Kila masika yakikaribia, mjadala wa mitaro hurudi mijini kwetu. Wananchi huilaumu serikali, nayo serikali huwalaumu wananchi. Maji yakikauka kila mmoja hurudi katika shughuli zake. Nataka tulitazame suala hili kwa jicho la haki na wajibu: ukarabati wa mitaro mikuukuu ya miji yetu ni deni la nani?

Historia ya Kiislamu ina la kutufundisha. Mwaka wa 18 Hijria Bara Arabu ilikumbwa na ukame na njaa kali. Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimwagiza gavana wake wa Misri, Amr bin Al-As (r.a.), aufufue mfereji wa kale uliounganisha mto Nile na Bahari ya Shamu, ili nafaka ya Misri ifike Madina kwa urahisi. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba mfereji ule haukuwa mpya. Ulikuwa kazi ya tawala zilizopita, Warumi wakiwamo, na ulikuwa umefukiwa na mchanga. Dola ya Kiislamu iliuzibua, na watu wakala.

Karne ya 8 Miladia, Khalifa Al-Mansur wa Bani Abbas aliamuru mfereji huo huo ufungwe, ili Madina iliyomuasi isipate chakula. Mfereji mmoja, watawala wawili. Sasa tujiulize: yule asiyeuziba kwa amri, lakini akauacha uzibe wenyewe kwa kutotenga fedha, yuko upande gani? Utasema amali huhesabiwa kwa nia, naye hakunuia ubaya. Ni kweli. Lakini aliyepewa amana haulizwi nia peke yake. Huulizwa pia aliitunzaje.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kusimuliwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini, na mwaka 2012 familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Baadaye ikaja miradi mikubwa, ukiwamo DMDP uliopitishwa 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, uliojenga barabara na mitaro. Ni jambo jema. Lakini mtaro mpya una jiwe la msingi na utepe wa kukatwa, na mtaro unaozibuliwa hauna sherehe yoyote. Ndiyo maana fedha za kujenga hupatikana upesi, na za kutunza hutafutwa kwa tochi. Mkopo watalipa watoto wetu, mtaro uwe mzima au umezibika. Hapo ndipo penye dhulma: kumrithisha mtoto deni bila kumrithisha kilichokopewa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Ustadhi, wanaotupa taka mtaroni si ndio wazibue wenyewe?" Swali zuri. Wapo pia wanaosema waliojenga bondeni wamejitakia. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakitoboa sakafu wapate maji, na wa juu wakawaacha, wote huzama. Mjini kwetu mambo yamegeuka kidogo tu. Taka inayotupwa Tabata huenda ikamtesa wa Jangwani ambaye hakuitupa. Kusema kila mtu azibue mbele ya mlango wake ni kumtwisha wa bondeni mzigo wa mji mzima.

Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alilijadili suala hili katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya. Mji ukiharibikiwa na maji yake au kuta zake, ukarabati unatoka Baitul Mal. Hazina ikiwa tupu, ndipo wajibu unapowaangukia wenye uwezo katika mji ule. Tuangalie mpangilio huo. Serikali ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayokusanya kodi. Wananchi hawakuachiliwa, ila hawakutangulizwa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba anayetupa taka ana dhambi yake, na aipeleke jaani. Lakini dhambi yake haifuti deni la serikali. Nasi tuna kazi. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, lakini tusiishie kwenye majembe ya siku moja ya usafi. Twende kwenye mikutano ya mtaa tumuulize diwani: mwaka huu kuzibua na kukarabati mitaro kumetengewa shilingi ngapi, na zilizotengwa mwaka jana zilizibua mtaro upi? Swali hilo liulizwe kiangazi, kabla mawingu hayajakusanyika.

Wallahu aalam.