Vitabu Vimeenezwa, Nasi Tutaulizwa



Katika Sura Takwir, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametaja miongoni mwa alama za zama za mwisho kwamba vitabu na maandiko vitaenezwa. Aya hiyo iliteremka Makka, katika mji ambao waliojua kusoma na kuandika walikuwa wachache mno, na ambamo maandiko yaliwekwa juu ya vipande vya ngozi, mifupa na makuti ya mitende. Nani katika watu wale angaliweza kuwaza kwamba siku moja karatasi zitaruka dunia nzima kama majani yapeperushwayo na upepo? Lakini Mjuzi wa ghaibu alikwisha sema, na neno Lake limetimia.

Masihi Aliyeahidiwa a.s., aliyezaliwa Qadian mwaka 1835, aliwaeleza watu wa zama zake kwamba mitambo ya chapa, reli na simu za waya havikuja kwa bahati. Mwenyezi Mungu alivileta viwe watumishi wa dini Yake. Naye hakusema tu, bali alivitumia: aliandika vitabu zaidi ya 80, na mwaka 1902 akaanzisha jarida la Review of Religions ili sauti ya Islam ifike nchi za Magharibi. Nasi tuzungumzao Kiswahili tulipata fungu letu mwaka 1953, ilipochapwa Kurani Tukufu pamoja na tafsiri na maelezo kwa lugha yetu. Wazee wetu wanajua jinsi nakala moja ilivyobebwa kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji, ikasomwa na nyumba kumi.

Leo tafsiri hiyo hiyo inapatikana bure katika tovuti ya Jumuiya, na kijana wa Tabora anaweza kuifungua usiku wa manane bila kumwamsha mtu. Basi makala hii inahusu neema hiyo, hasa inapoingia katika madarasa na maktaba za shule zetu, na inahusu hesabu tutakayotoa kwa ajili yake.

Tuanze kwa kukumbuka thamani ya kitu tulichopewa. Jabir bin Abdullah r.a., sahaba wa Mtukufu Mtume s.a.w., alipata habari kwamba yuko mtu huko Sham, Abdullah bin Unais r.a., aliyesikia hadithi moja ambayo yeye Jabir hakuisikia kwa masikio yake. Akanunua ngamia, akafunga mizigo, akasafiri mwezi mzima mpaka mlangoni kwa mtu huyo ili aisikie kutoka kinywani mwake. Mwezi mzima, ndugu msomaji, kwa ajili ya hadithi moja! Leo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huzifikia hadithi elfu nyingi kabla chai haijapoa. Je, anazipenda kama Jabir alivyoipenda ile moja?

Wako miongoni mwetu wanaoviogopa vyombo hivi na kusema kwamba ni mambo ya wasioamini. Hao wakumbuke vita vya Badr. Mateka wa Kikureshi wasiokuwa na fedha za kujikomboa, lakini waliojua kuandika, waliambiwa kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, kisha awe huru. Walimu wale walikuwa waabudu masanamu waliokuja kumwua Mtume s.a.w., lakini herufi walizozifundisha hazikuwa na shirki ndani yake. Elimu yenye manufaa haikataliwi kwa sababu ya mkono ulioileta.

Na elimu hiyo imeletwa karibu sana. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2003. Iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo humwezesha mkutubi kuihifadhi kamusi hiyo yote ndani ya kompyuta moja, wanafunzi wakaisoma hata pasipo intaneti. Na mwaka 2004 kijana mmoja wa Marekani, Salman Khan, alianza kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali. Kutokana na msaada huo wa ndugu kwa ndugu likazaliwa shirika la Khan Academy, ambalo masomo yake hutolewa bure duniani kote.

Lakini chombo si mwalimu. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya Kenya iligawa vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma, na huko Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vikagawiwa walimu. Hatua hizo ni za kushukuriwa. Hata hivyo kila aliyefundisha anajua kwamba kifaa kisichokuwa na mwalimu aliyekiandalia somo huishia mahali pawili: ama kabatini chini ya kufuli, ama mikononi mwa mtoto anayecheza. Mwalimu anayetaka kuonyesha mzunguko wa damu kwa picha zinazotembea budi kwanza azitazame mwenyewe nyumbani, achague dakika tano zinazofaa katika saa nzima, na aandike maswali matatu atakayowauliza wanafunzi baada ya kuzima chombo. Asipofanya hivyo, watoto watakuwa wametazama sinema.

Ubaya mwingine ni wa kunakili. Zamani mvivu alinakili kwa mkono, na angalau maneno yalipita machoni pake. Sasa ananakili kurasa kumi bila kusoma hata mstari. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazomwandikia mwanafunzi insha nzima kwa jina lake. Mwanafunzi anayetia jina lake chini ya kazi ambayo hakuifanya ametoa ushahidi wa uongo, na aliyezoea kuutoa akiwa na miaka kumi na minne atautoa pia akiwa karani, daktari au hakimu. Jambo hili ni la amana kabla ya kuwa la shule.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika Sura Hujurat, aya ya 7, waaminio wameamrishwa kwamba akiwajia mtu mwovu na habari yoyote, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Kwa ajili ya amri hiyo Waislamu walianzisha elimu ambayo haikuwa na mfano wake: elimu ya sanadi. Hawakuuliza tu, "Nini kimesemwa?" bali waliuliza, "Nani amekisema, alikisikia kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani?" Lakini katika mtandao maneno ya mwanachuoni na maneno ya mzushi huvaa nguo moja. Hutokea katika kioo kile kile, kwa herufi zile zile nzuri, na mara nyingi hayana jina la mwandishi.

Nami nina la kuungama. Katika chuo cha dini ninakofundisha, huku ng'ambo, siku moja niliwahutubia wanafunzi juu ya fadhila za elimu. Katika kupamba hotuba nikataja yale maneno mashuhuri yanayohimiza elimu itafutwe hata kama iko Uchina, nikayanasibisha kwa Mtukufu Mtume s.a.w. pasipo kusita. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi misikitini na madarasani kwa muda wa miaka ishirini.

Baada ya adhuhuri alinijia mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mpole, macho yake chini. Akasema, "Mwalimu, naomba idhini niulize. Nilitaka kuiandika ile hadithi katika daftari pamoja na sanadi yake, nikaitafuta katika kompyuta ya maktaba. Nimeona wanavyuoni wakisema sanadi yake ni dhaifu. Pengine nimekosea kusoma."

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa shukrani, bali hasira ndogo ya mtu aliyeguswa heshima yake. Nikataka kumwambia kwamba mitandao imejaa upuuzi. Lakini nilikumbuka aya niliyomfundisha mwenyewe. Nikamwambia, "Twende maktabani, tusiamini kioo peke yake." Tukashusha vitabu kutoka rafuni. Ilikuwa kama alivyosema: Baihaqi ametaja udhaifu wa sanadi yake, na Ibn al-Jauzi, aliyefariki mwaka 1201, ameyaweka maneno hayo katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Maana ya maneno hayo ni nzuri, lakini uzuri wa maana haututoshi kumnasibishia Mtume wa Mungu neno ambalo hatuna yakini kwamba alilisema, hali yeye mwenyewe amemwonya kwa adhabu ya Moto anayemzulia uongo makusudi.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikasahihisha, nikamtaja kijana kwa heshima. Lakini nani atanirudishia misikiti yote niliyoyasema maneno yale katika miaka ishirini? Hilo ndilo linalonisumbua hata sasa, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hilo lilivyokwenda. Kompyuta ilimpa kijana njia, kitabu kikathibitisha, na adabu yake ikaufungua moyo wa mwalimu wake. Kimoja kati ya hivyo vitatu kingalikosekana, kosa langu lingaliendelea. Basi asituambie mtu kwamba mashine imeua maktaba, wala asituambie mwingine kwamba maktaba haina haja ya mashine.

Liko bado jambo moja la uadilifu. Ukifungua Msahafu utaona kwamba kabla ya Takwir, Sura ya 81, inayotaja kuenezwa kwa vitabu, imewekwa Abasa, Sura ya 80. Humo mna habari za kipofu masikini, Abdullah bin Ummi Maktum r.a., aliyekuja akikimbilia mafundisho wakati Mtukufu Mtume s.a.w. alipokuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi. Sura hiyo imetufundisha sisi umma kwamba mnyonge anayeitafuta elimu kwa hofu ya Mungu ana haki ya kutangulizwa mbele ya tajiri asiyeijali. Mtume s.a.w. alimheshimu kipofu huyo maisha yake yote, na mara kadhaa alimwacha Madina kuwa naibu wake.

Nani leo ni Ibn Ummi Maktum wa shule zetu? Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu duniani walikaa nje ya madarasa. Watoto wa wenye nacho waliendelea na masomo kwa kompyuta. Wengine walitegemea redio ya jirani, na wengi hawakuwa hata na hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayewaagiza wanafunzi wake watafute jibu mtandaoni nyumbani, hali anajua kwamba nusu yao hawana simu wala umeme, amemgeuzia uso kipofu.

Jumuiya yetu inao mfano mwema katika jambo hili. Profesa Abdus Salam aliporudi kufundisha Lahore mwaka 1951, alijikuta mbali na wenzake wa taaluma na mbali na majarida mapya ya elimu yake; na hiyo ni miongoni mwa sababu zilizomfanya arudi Cambridge mwaka 1954. Hakuisahau taabu hiyo. Mwaka 1964, miaka kumi na mitano kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, alianzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi masikini wapate vitabu, wenzao na mijadala, kisha warudi kwao wakiwa na nguvu. Mlango uliokuwa umefungwa mbele yake aliwafungulia wengine.

Basi tufanye nini? Mwalimu na aandae somo kabla ya kuwasha chombo, na amzoeze kila mwanafunzi kuandika chini ya kazi yake alikolipata jambo na jina la aliyelisema. Mkutubi na aifungue maktaba baada ya masomo kwa wale wasio na vifaa nyumbani, na aweke kompyuta mahali ambapo wote wanaona, kwani amri ya kuinamisha macho iliyo katika Sura Nur inahusu kioo kama inavyohusu njia. Mzazi na amwulize mtoto kila jioni, "Leo umesoma nini, nawe umejuaje kwamba ni kweli?" Na sisi Wanajumuiya, mwenye kompyuta ya zamani inayofanya kazi asiiache ikaota vumbi, aitie masomo yasiyohitaji intaneti, aipeleke shule ya jirani, iwe sadaka yenye kuendelea.

Katika Sura Bani Israil, aya ya 37, Mwenyezi Mungu ametuonya tusifuate tusilokuwa na elimu nalo, kwani sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Jabir r.a. ataulizwa juu ya hadithi moja aliyoiendea mwezi mzima. Sisi tutaulizwa juu ya maktaba nzima tuliyoibeba mfukoni.

Ewe Mola wetu, Wewe uliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu na kumfundisha asiyoyajua, tuzidishie elimu kama ulivyomfundisha Mtume Wako kuomba. Tusamehe tuliyoyasema bila yakini. Wajaalie walimu wetu unyenyekevu wa kusahihishwa, na watoto wetu adabu ya kuuliza. Wala usimfanye yeyote katika masikini wetu asimame mbele Yako siku ya Kiyama akishitaki kwamba alikuja akikimbia kuitafuta elimu, nasi tukamgeuzia uso. Amin.