Wapelekeni Watoto Kitulo

Kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, uwanda wa Kitulo kule Nyanda za Juu Kusini hujaa maua, zikiwemo okidi za aina zaidi ya 40. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mzazi uliye Mbeya au Njombe, wavishe wanao masweta, uwapeleke. Mtoto akiinamia ua moja, mwache alitazame mpaka atosheke, picha zitasubiri. Akitaka kuchuma, mweleze kwa upole: viazi vya okidi hizi vilichimbwa kwa magunia, vikavushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, hata ikahofiwa zitatoweka. Ndiyo maana, tangu 2005, Kitulo ni hifadhi ya taifa.