Bustani Yetu Ni ya Nani?

Je, nyumba ni yako kweli ikiwa huruhusiwi kuibadilisha sura ya nje bila idhini ya majirani?

Huko Blackheath, kusini-mashariki mwa London, swali hili limeishi tangu miaka ya 1950. Ndipo kampuni ya Span ilipoanza kujenga humo nyumba za safu zenye madirisha mapana, zinazotazama bustani moja ya pamoja. Michoro ilikuwa ya msanifu Eric Lyons. Biashara aliiendesha msanifu mwenzake, Geoffrey Townsend. Anayenunua hujiunga na chama cha wakazi, huchangia gharama za bustani, na hukubali kutogusa sura ya nje ya nyumba kiholela.

Nimezisoma nyumba hizi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na mwanzoni masharti yale yalinikera. Mimi ni mpangaji. Kama wengi wa rika langu, ndoto yangu ni kiwanja, ukuta na geti, ili hatimaye nisiombe ruhusa ya mtu.

Lakini hebu tupige hesabu. Ardhi ile ingekatwa vipande, kila familia ingepata kijiua cha kuanikia nguo. Kwa kuiacha nzima, kila mmoja amepata miti na nyasi ambazo peke yake asingezimudu. Uzuri wa dirisha langu unategemea jirani asijenge banda mbele yake, na wake unanitegemea mimi. Bila masharti, bustani ingekuwa shamba la bibi: kila mtu anachuma, hakuna anayepalilia. Kwa hiyo ninayakubali masharti. Kugawana kunahitaji ada, mikutano na kuvumiliana; moyo mwema pekee hautoshi.

Kinachonisumbua ni kingine. Bustani za zamani katikati ya London nyingi zina uzio, na ufunguo ni wa wakazi wanaozizunguka. Sheria ya mwaka 1931 ilizilinda zisijengewe. Haikumfungulia mpita njia. Nyumba za Span nazo zina mlango wa aina yake: bei. Aliyeshindwa kununua hana kura katika chama.

Kiswahili kinatuficha hapa. “Yetu” yaweza kumaanisha mimi na wewe, au sisi bila wewe, na neno halibadiliki. Wakazi wanaweza kutendeana haki kabisa kuhusu nyasi zao, na bado wasiwe wamejibu lolote kwa aliye nje. Haki ya ndani haiutakasi mpaka.

Ningepata nafasi ya kuishi humo, ningelipa ada bila kinyongo. Ila katika mkutano wa kwanza ningeuliza: mtoto wa mtaa wa pili akija kucheza hapa, nani atamfukuza? Wakijibu “sisi sote,” ningetaka iandikwe kwamba mimi simo.