Mzigo Mwepesi

Katika mambo yanayomfunza mtu kujijua, safari ya miguu ni mojawapo. Mtu akiwa nyumbani kwake hajui kama vitu alivyo navyo vimemzidi au vimempungukia, kwa sababu nyumba haina mgongo wala haichoki kubeba. Lakini mpe mtu huyo shanta, mwambie atie ndani yake yote atakayoyahitaji kwa siku nne, kisha mwelekeze mlimani. Kabla jua halijafika utosini atakuwa amekwisha kujua thamani ya kila kitu alichokichukua, maana bega lake litakuwa limemwambia.

Sisi tukaao Wamagana, katika Tetu ya Nyeri, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta milima. Magharibi yetu imelala safu ya Nyandarua, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote chakaribia meta 4,000. Kaskazini-mashariki, asubuhi isiyo na mawingu, waonekana Mlima Kenya, Kirinyaga ya wazee wetu, na mabaki ya barafu yake ambayo yazidi kupungua. Kilele chake cha Batian kina meta 5,199. Na kile cha Lenana, ambacho mtu aweza kukifikia pasipo kupanda kwa kamba, kina meta 4,985. Wanafunzi wa shule zetu, skauti, na vijana wa mpango wa Tuzo ya Rais hufunga mizigo yao wakaenda milimani. Warudipo huulizana: Kitu gani kilifaa? Kitu gani kilikuwa uzito wa bure? Swali hili laonekana kuwa la vifaa tu. Nataka kukuonyesha, msomaji wangu, kuwa ni swali la wema na ubaya pia.

Desturi njema ya mtu arudiye safarini ni kuumwaga mzigo wote chini na kuugawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu alivyovitumia kila siku, kama vile viatu, sufuria, chupa ya maji na mfuko wa kulalia. La pili ni la vitu alivyovitumia mara moja au mbili. La tatu ni la vitu ambavyo havikutoka katika shanta tangu kwenda hata kurudi. Kisha na atwae mizani, apime kila fungu na kuandika. Wengi hustaajabu waonapo kuwa fungu la tatu laweza kushindana kwa uzito na la kwanza: suruali ya tatu, kitabu ambacho hakikufunguliwa, mche mzima wa sabuni mahali ambapo kipande kingalitosha.

Mizani hufundisha mengine pia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna chupa ya bei kubwa iwezayo kuupunguza uzito huo. Siku hizi yako mahema ya nailoni, sufuria za titani, na mifuko ya kulalia iliyojazwa manyoya laini ya bata. Ni vitu vyepesi, na anayeviuza hakosi kuutaja wepesi wake. Walakini wepesi huo una masharti. Manyoya ya bata hutunza joto vizuri sana yakiwa makavu. Yakilowa hugandamana, na joto hutoweka. Njia ya Naro Moru ipandayo Mlima Kenya hupita mahali pa matope na majimaji, na mvua ya huko haingoji ruhusa. Mfuko uliojazwa nyuzi za kiwandani ni mzito zaidi, lakini hata ukilowa haumwachi mwenyewe kabisa. Basi kitu hakisifiwi kwa wepesi wake peke yake, bali kwa njia kitakayopitia.

Sasa jihadhari na mtego wa kwanza. Mtu mwenye haraka hulitazama fungu la tatu akasema, "Havikutumika, basi visichukuliwe tena." La hasha! Katika fungu hilo mna bendeji, dawa, koti la mvua na betri za akiba za kurunzi. Kama hakuna aliyeumia, bendeji haikuwa mzigo wa bure. Jambo lisilotokea safari hii si ushahidi kwamba halitatokea safari ijayo. Katika mji wetu wa Nyeri liko kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, aliyefariki Januari 1941. Na wito wa skauti wajulikana na kila mtoto: Uwe Tayari. Kwa hiyo kila afungaye shanta husikia sauti mbili. Moja yasema, "Uwe mwepesi," na ya pili yasema, "Uwe tayari." Anayeisikiliza ya kwanza peke yake ni mzembe, na anayeisikiliza ya pili peke yake hafiki. Busara ni kuziamua sauti hizo, wala si kuinyamazisha mojawapo.

Mtego wa pili ni kudhani kuwa faida ya kitu ni ile ya mwili tu. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walikuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki. Walitoroka, si kwa kutaka kurudi kwao, bali kwa kutaka kuupanda mlima waliouona kila siku kutoka ndani ya uzio wao. Walijifanyizia wenyewe shoka za barafu na miba ya viatu kutokana na vyuma vya jalalani, wakajinyima posho yao ili kupata akiba ya njiani. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake walijaribu kuifikia Batian wakashindwa. Lakini tarehe 6 Februari walisimama juu ya Lenana, kisha wakashuka na njaa kali, wakarudi kambini kwa hiari yao. Katika mizigo ya watu hao waliohesabu kila tonge mlikuwamo bendera ya nchi yao, nao waliisimamisha kileleni. Miaka 20 baadaye, Desemba 1963, wakati Kenya ilipojipatia uhuru, Kisoi Munyao aliipeleka bendera mpya ya taifa letu juu ya kilele hicho hicho. Bendera hailiwi, wala haiwashi jiko. Lakini nani atathubutu kusema kuwa katika safari hizo bendera ilikuwa uzito wa bure? Kitu hupimwa kwa kusudi la safari, na mtu asiyejua kusudi lake hawezi kufunga mzigo wake sawasawa.

Nikifika hapa nataka uniangalie vizuri, kwa sababu mtego wa tatu ndio mkubwa, na ndio ulionifanya niandike. Mtego huo ni kudhani kuwa mzigo ni mwepesi kwa sababu mimi siusikii.

Alikuwako mama mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, mwendo wa kilometa zipatazo 3,300. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alichukua mfuko wa nguo alioushona mwenyewe, blanketi, na kipande cha plastiki cha kujikinga na mvua, akavaa viatu vya turubai. Watu wapendao mizigo myepesi humtaja mpaka leo, nao wana haki. Lakini ni kweli pia kwamba njiani alipokewa mara nyingi na watu asiowajua, wakampa chakula na kitanda. Simlaumu hata kidogo, kwani walimpa kwa hiari naye akapokea kwa shukrani, na ukarimu ni jambo tulijualo sana katika nchi yetu. Hata hivyo mfano wake wanifunza kuwa nyuma ya wepesi wa mtu mmoja mara nyingi pana jiko la mwingine lililowashwa.

Tena si kila wepesi hupatikana kwa hiari. Waza kundi la wanafunzi wamerudi kutoka Nyandarua, nao wanashindana kwa kupima mizigo. Mmoja ana kilo 6 tu, naye asifiwa. Lakini ulizeni: Alilala katika hema la nani? Alipika katika sufuria ya nani? Baridi ilipozidi usiku, ni sweta ya nani iliyovuliwa akapewa? Ikiwa yote yalikuwa ya mwenzake aliyekuja na kilo 14, basi kijana huyu hakuja na mzigo mwepesi. Alikuja na mzigo mzito, ila aliuweka juu ya mgongo usio wake, kisha akaja kuchukua sifa. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema hivyo kwa kuwa mzigo huo ni mwepesi kweli, bali kwa kuwa macho hayana uzani.

Itazame historia ya mlima wenyewe. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika juu ya Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, aliondoka Nairobi na msafara wa watu 170. Wazungu walikuwa 6. Waliosalia walikuwa Waswahili, Wakikuyu na waongozaji wawili wa Kimaasai. Watu watatu walifika kileleni, lakini safari ilibebwa na mabega ya wengi. Leo liko bonde la mlima liitwalo kwa jina la Mackinder, na kambi pia. Je, waweza kunitajia jina la mpagazi mmoja wa msafara ule?

Wapagazi wako hata leo. Kwenye Mlima Kenya na Kilimanjaro wako wanaume, na wanawake pia, ambao hubeba mahema, vyakula na majiko ya wageni. Kwenye Kilimanjaro sheria ya hifadhi imeweka kilo 20 kuwa mwisho wa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni. Kuwekwa kwa sheria hiyo ni ushahidi kuwa tamaa ya watu haikujiwekea mpaka yenyewe. Mgeni apitaye na kifuko kidogo cha maji na kamera husema jioni, "Safari ilikuwa nyepesi." Neno lake si uongo kwa mgongo wake, ni uongo kwa safari.

Utanijibu, "Mwalimu, kama kila mtu atajibebea mzigo wake, mpagazi atakula nini? Ujira huo ndio karo ya watoto wake." Neno hili ni zito, nami sitalipita kama mtu arukaye kijito. Kumwajiri mpagazi si dhuluma. Kazi ya mabega ni kazi kama ya kalamu, na ina heshima yake. Lakini ujira hununua kazi ya mtu, haununui baridi yake wala njaa yake. Ukimwajiri, mpe mzigo wa kadiri, umlipe kwa wakati, uhakikishe kuwa ana viatu na mahali pakavu pa kulala kama wewe, na umwite kwa jina lake. Tena, usimtwike vitu ambavyo usingevichukua lau ungevibeba mwenyewe. Ujira wake haugeuzi kitu kisichofaa kuwa kitu kifaacho.

Basi utakapomwaga shanta yako chini baada ya safari, ongeza maswali mawili juu ya yale ya mizani. La kwanza: Kitu hiki ningekichukua kama mabega yangu ndiyo yangekibeba? La pili: Kitu nilichokiacha nyumbani ili niwe mwepesi, je, nilikiomba kwa mwenzangu njiani? Swali la kwanza huponya ulafi, na la pili huponya uvivu uliovaa nguo za busara. Vifaa vikipita katika maswali hayo na vile vya mizani, ndipo uviite vifaa vyema, viwe vya titani au vya udongo.

Wala usidhani kuwa maswali haya ni ya wapanda milima tu. Katika vilima vyetu mwanamke hubeba kuni mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, na wako bibi zetu ambao ukanda huo umewaachia alama isiyofutika. Kijana aliyekaa mezani na kitabu chake, akanywa chai iliyochemshwa kwa kuni hizo, anao mzigo mwepesi. Mwepesi kwa nani? Simwambii aache kitabu. Mama mwenyewe hataki akiache. Namwambia ajue uzito wa fungu lile, na siku ya mapumziko aende akauinue mwenyewe.

Wazee wa Kikuyu husema kuwa ndovu halemewi na pembe zake. Ni kweli, maana pembe ni zake, zimeota naye, naye hakumtwika mwingine. Mzigo uliouchagua kwa akili, ukaubeba kwa haki, hata ukiwa wa kilo 15 hautakulemea moyo. Na ule ulioutua juu ya mwingine pasipo kumtazama uso, hata kama wewe huusikii, bado haujapungua hata ratili moja.