Ridhaa Isiyo na Ujuzi si Ridhaa

Katika mambo ambayo watu wetu huyanong'ona wala hawayasemi hadharani ni hili la mke na mume kukosa mtoto. Na kwa kuwa hunong'onwa, mara nyingi hutendwa pasina kuuliza. Nasi hapa Eldoret twaulizwa: je, yafaa mke kudungwa sindano za homoni ili apate kuchukua mimba? Na zikiwa zina madhara, dhima yake ni ya nani?

Suali la kwanza si gumu. Kutamani mtoto si aibu. Nabii Ibrahim na Nabii Zakariya, amani iwashukie, walimuomba Mola wao mtoto hali wamekwisha kuwa wazee. Na mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa ya kuruhusu hata kutungisha mimba nje ya mwili, maadamu mbegu na yai ni za mume na mke walio katika ndoa. Suali zito ni la pili.

Kwa desturi ya maumbile, yai moja hupevuka kila mwezi. Sindano hizi huzichochea ovari, yaani vifuko vya mayai, zipevushe mayai mengi kwa pamoja. Wanawake wengi hupata udhia mdogo tu: tumbo kujaa na kichwa kuuma. Lakini wako ambao ovari zao huvimba kupita kiasi, maji yakatoka katika mishipa ya damu yakajaa tumboni, na damu ikawa nzito hata kuganda. Katika matibabu ya kutungisha nje, hali nyepesi ya uvimbe huu huweza kufika theluthi ya wanaotibiwa, na hali ya wastani au kali ni kama 3 hadi 8 katika kila 100. Kufa ni nadra, walakini kumetokea. Tena kuna mimba za pacha na zaidi, ambazo aghlabu huzaliwa kabla ya wakati. Ama khofu ya saratani ya matiti, utafiti wa miaka mingi haujathubutisha kuwa sindano hizi ndizo sababu. Na haki yatutaka tuliseme hili pia.

Sehemu kubwa ya madhara haya huepukika. Tabibu mwangalifu hutazama ovari kwa mashine, hupima damu, hupunguza kipimo cha dawa, na akiona khatari huibadili sindano ya mwisho au huiakhirisha mimba. Basi anayedunga bila ya kuangalia hana udhuru wa kusema ni kadari.

Wako wasemao: "Mgonjwa akiambiwa yote ataogopa, na mwenye kumtegemea Mungu hana haja ya kuuliza." Sisi twajibu: nahodha humtegemea Mungu, na bado hutazama upepo kabla ya kutweka tanga. Na katika fiqhi, mwenye kuuza nguo yenye kasoro akaificha, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Itakuwaje basi kwa mwili wa mwanamke, ambao haurudishwi dukani? Ridhaa aliyoitoa hali hajui si ridhaa. Hata sheria ya Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, humlazimu mwenye kutibu amweleze mgonjwa faida, khatari na gharama, na ikiwezekana kwa lugha anayoifahamu.

Wala nia njema haitoshi. Huko Australia, tangu 1967 hata 1985, wanawake walitiwa homoni iliyotolewa katika tezi za ubongo wa maiti. Baada ya miaka, wanne miongoni mwao walikufa kwa maradhi ya ubongo yaliyotokana na dawa ile. Dawa hiyo imekwisha kuachwa. Lakini waliotoa walitaka kheri, na waliodhurika ni wengine.

Na dhima si ya tabibu peke yake. Katika karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto, sababu huwa kwa mume, ama yeye pekee ama pamoja na mkewe. Kipimo chake ni chepesi wala hakina khatari. Basi mume anayempeleka mkewe kudungwa kabla yeye hajapimwa amemdhulumu. Kadhalika, mirija ikiwa imeziba, sindano peke yake haiizibui; mke atabeba khatari bila ya faida.

Watoto wa kwanza wa matibabu ya kutungisha nje nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na wengi hutoka Eldoret kwenda huko, safari ya kilomita 300 na zaidi. Uvimbe tuliousema huweza kudhihiri siku kadha baada ya sindano ya mwisho, mke akiwa amekwisha rejea nyumbani. Basi asiondoke pasina karatasi yenye majina ya dawa alizopewa. Akiona tumbo lajaa kwa haraka, pumzi zambana, atapika mfululizo, mkojo umepungua au mguu umevimba, asingoje asubuhi wala asione haya. Apelekwe hospitali usiku ule ule, na mumewe aseme wazi ni matibabu gani.

Siri ya nyumba ni jambo jema, lakini isifike pahala pa kumwua mwenye nyumba. Mwenyezi Mungu awaruzuku wenye kutamani watoto, na awahifadhi mama zao.