Nani Anaandika r?

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Chakula cha familia pale ni hesabu fupi: n × r. Herufi n ni idadi ya watu nyumbani, r ni mgao wa kila mmoja. Huo si mlinganyo, ni usemi tu wa aljebra. Hauna jibu mpaka herufi zipewe thamani.

Mimi niliacha chuo, lakini aljebra haikuniacha. Ndiyo nafundisha tuisheni hapa Lodwar. Nawaambia wanafunzi herufi ni nafasi wazi, yeyote anaweza kuingia.

Wengi husema kumfanya mtu herufi ni kumdharau. Mimi sikubali. n haiulizi kama we ni Mdinka ama Msomali. Saba ni saba. Hiyo ni haki, tena adimu.

Shida iko kwa r. Thamani ya n anaijua mama mwenye sufuria. Thamani ya r inategemea wafadhili walio mbali, wasiojua hiyo foleni. Mwaka 2025 pesa zilipungua, watu wakapangwa makundi manne kulingana na uhitaji. r moja ikawa kadhaa, na kwa walioonekana wanajiweza, ikawa sifuri.

Sasa zidisha saba kwa sifuri. Hesabu ni sahihi kabisa, hakuna mwalimu atakayeweka mkasi. Lakini wale saba bado wako, na jioni inafika.

Kwa hivyo swali langu si kama hesabu ni sawa. Ni hili: anayeandika sifuri, anawajibika kwa nani?