Kicheko cha Wajanja Wawili

Wako watu wasemao kuwa kilio humfundisha binadamu na kicheko humpotezea wakati tu. Kwa mizani hiyo tanzia hukaribishwa ukumbini, na kichekesho huachwa uani pamoja na watoto. Hata katika vyuo, tamthilia za majonzi huandikiwa tasnifu, na michezo ya redio iliyowachekesha wazee na vijana hutajwa kwa sentensi moja, kisha ikapitwa. Miongoni mwa iliyodhulumiwa hivyo ni Pwagu na Pwaguzi, mchezo wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Dhuluma hiyo si ndogo, kwa kuwa mchezo huo ulibeba swali ambalo mji wake haujalijibu hata leo.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo kikapewa jina la Radio Tanzania. Kwa karibu miaka thelathini baada ya hapo, Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya ndani wala televisheni, mpaka vilipoanza vituo vya watu binafsi mwaka 1994. Katika Kariakoo, mtaa uliorithi jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wengi walikaa katika nyumba za Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huko, na ukumbi mrefu katikati. Katika nyumba kama hiyo redio ya mpangaji mmoja ni redio ya wapangaji wote. Mchezo ulipowadia, aliyekuwa akipepeta mchele uani na aliyekuwa akishona barazani walicheka kwa neno moja na kwa wakati mmoja.

Jina la mchezo limetokana na methali ya kale: pwagu hupata pwaguzi. Maana yake ni kuwa mjanja hukutana na mjanja wa kumzidi. Wahusika wake wawili ni watu waishio kwa hila. Kwa kuwa redio haina macho, msikilizaji hakupata kuwatazama kwa mbali kama atazamavyo mtuhumiwa kizimbani. Alikaa nao walipokuwa wakipanga, akasikia mmoja akimdanganya mwenziwe, akawa mshirika wao wa tatu. Hili ni jambo zito kuliko lionekanavyo. Muungwana aliyefunga mlango wake kwa kufuli mbili alimfungulia mlaghai sikio lake kwa hiari.

Sasa atazamwe mtu huyo huyo akiwa njiani. Katika msongamano wa Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi hupigwa ukelele mmoja tu: “Mwizi!” Baada ya neno hilo hakuna mazungumzo tena. Anayekimbizwa hana jina, hana kwao, hana la kujitetea. Yako mawe, na mara nyingine uko moto. Kesho yake magazeti huandika kuwa ameuawa na “wananchi wenye hasira kali”, kana kwamba hasira kali ni kabila lisiloweza kushtakiwa. Katika miaka ya 2010 taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilihesabu vifo vya namna hii kwa mamia katika mwaka mmoja. Je, mkono unaookota jiwe na kinywa kilichocheka kando ya redio ni vya mtu mmoja? Na kama ni vya mtu mmoja, ni kipi kinachosema uongo?

Mwenye shaka atajibu kuwa kinywa ndicho kiongo. Atasema kuwa kichekesho huupaka wizi asali, na kwamba mchuuzi ambaye mtaji wake wote ni robota moja la mitumba haoni cha kuchekesha linapotoweka. Jibu hili lina haki yake, wala halifai kubezwa. Walakini waliocheka hawakuwa matajiri waliokingwa na ukuta. Walikuwa wachuuzi hao hao, watu walioibiwa jana na waliotazamia kuibiwa kesho. Tena mchezo haukuwatetea wajanja wake. Jina lake lenyewe ni hukumu, kwani aliyetega aghalabu hunaswa na mtego wake.

Tofauti iko katika kipimo cha adhabu. Mchezo wa mfululizo una sharti moja ambalo barabara haina: mkosaji hana budi kuwa hai juma lijalo. Anaweza kuaibika, kupigwa, kulala na njaa, kutekwa na mjanja mkubwa zaidi. Lakini hafi, maana akifa mchezo umekwisha. Husemwa kuwa siku za mwizi ni arobaini. Umati huielewa ya arobaini kuwa ndiyo kiama. Katika mchezo, siku ya arobaini na moja huja, na hesabu huanza upya. Wako wanafalsafa waliojaza kurasa nyingi juu ya adhabu kulingana na kosa wasiseme jambo hili kwa wepesi kama huo.

Wachekeshaji wa Tanzania hawakukosa kupendwa. Said Ngamba, yaani Mzee Small, alipofariki mwaka 2014, na Amri Athumani, yaani King Majuto, mwaka 2018, maombolezo yalikuwa makubwa. Lakini walililiwa kama watu wa furaha. Ni wachache waliowataja kama watu wa fikra. Juhudi za kuzinusuru kanda za Radio Tanzania zilipovuma mwaka 2012, wimbo ndio uliotangulia. Uzembe huu si wa Waafrika peke yao: BBC ilifuta kanda nyingi za Not Only… But Also, kichekesho cha Peter Cook na Dudley Moore cha miaka ya 1960, ikaja kujuta.

Yamkini kicheko hakikumwokoa kibaka hata mmoja. Yamkini aliyecheka sana barazani ndiye aliyetangulia kuokota jiwe sokoni. Lakini kando ya redio alimsikia mlaghai akizungumza na mwenziwe tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakumkatiza.